Sikio la Mwafrika na Shairi la Kilatini

Msikilizaji, leo nakupeleka Roma ya kale, tena si vitani wala ikulu, bali kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza. Ni karne ya 1 kabla ya Kristo. Mwigizaji yuko jukwaani anatoa mistari yake, na mbele yake wamejaa watu wa kila daraja, wengi wao hawajapata kukaa chini ya mwalimu wa ushairi hata siku moja. Mara mwigizaji anateleza. Silabi iliyotakiwa kuvutwa ameikata, au iliyotakiwa kukatwa ameivuta. Kosa lenyewe ni hilo tu, basi. Ukumbi mzima unamzomea.

Aliyetuachia habari hiyo ni Cicero, msemaji na mwandishi wa Kirumi, na aliigusia katika zaidi ya kitabu kimoja. Ukali wa watu haukumshangaza sana. Kilichomshangaza ni ujuzi wao. Umati ule, anasema, haujui mguu wa shairi ni kitu gani, haujui kanuni, na ukiuuliza kosa limetokea wapi na kwa nini linaudhi, hauna jibu. Lakini sikio limekwisha kutoa hukumu.

Sasa mtazame mwanafunzi wa leo wa Kilatini, awe yuko seminari ya huku kwetu au chuo kikuu cha Ulaya. Anapewa penseli na mshororo wa Virgil, mtunzi wa Kirumi. Juu ya kila silabi anachora alama: kistari kilicholala kwa silabi ndefu, kikombe kidogo kwa fupi. Anaugawa mshororo vipande sita, anakagua, akiona vimetimia anapata vema yake na kufunua ukurasa wa pili. Mdomo haujafunguka. Kile ambacho mtu wa mtaani Roma alikuwa nacho bila kanuni, huyu hana. Na kanuni ambazo yule hakuwa nazo, huyu anazo zote. Mimi naona hapo ndipo shairi la Kilatini linapofia mikononi mwa watu, na kwetu sisi tunaosema Kiswahili halina sababu ya kufa. Tuna kikwazo chetu, ni kweli. Lakini tuna na msaada ambao Mzungu mwenyewe hana.

Kikwazo ni kwamba tumelelewa katika kuhesabu. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa kila mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao. Utenzi una mizani 8 kwa kila kipande. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliyaweka hayo kitabuni mwaka 1954, katika Sheria za Kutunga Mashairi, naye alikuwa akiandika yale ambayo malenga walikuwa wakiyafuata tangu enzi. Katika hesabu hiyo silabi zote zina haki sawa. "Ba" ni mizani moja, "nywa" ni mizani moja, na hata ile "m" ya "mtu", ambayo haina irabu yoyote, inahesabiwa mizani kamili.

Mtunzi wa Kirumi hakuhesabu hivyo. Yeye alipima muda. Silabi zake zilikuwa za aina mbili, fupi na ndefu, na ndefu moja ilichukua muda wa fupi mbili. Quintilian, mwalimu mkuu wa ufasaha aliyeandika mwishoni mwa karne ya 1 baada ya Kristo, anasema hata watoto wanalijua hilo. Kwa kuwa hii ni redio na siwezi kukuchorea, silabi fupi nitaiita "ta", na ndefu nitaiita "taa". Sema nami: taa, ta, ta. Tena: taa, ta, ta. Huo ni mguu mmoja, unaitwa daktili. Mguu wa pili una ndefu mbili, taa, taa. Huo ni spondei. Muda wao ni ule ule, ndiyo maana mmoja unaweza kukaa mahali pa mwenziwe.

Silabi inakuwa ndefu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba irabu yake ni ndefu kwa asili. "O" ya "Roma" ni ndefu, kwa hiyo Roma ni taa, ta. Ya pili ni kwamba irabu ni fupi, lakini imefuatwa na konsonanti mbili na silabi ikafungwa. Chukua "terra", yaani ardhi. "E" yake ni fupi, ila "r" ni mbili. Ya kwanza inafunga silabi, "ter", na ulimi unachelewa pale kabla ya kuvuka kwenda "ra". Huko kuchelewa ndiko urefu wenyewe. Au chukua "carmina", mashairi, tunatamka "karmina". "Kar" imefungwa, ni ndefu. "Mi" ni fupi. "Na" ni fupi. Taa, ta, ta. Daktili kamili. Na hapa tuwe macho, maana ulimi wetu haupendi konsonanti mbili zikae pamoja bila irabu ya kuzisuluhisha. Ukisema "karimina", kama ulimi wa Mswahili utakavyotaka, silabi ndefu imepotea, zimezaliwa fupi mbili, na mguu mzima umevunjika.

Bahari kubwa kuliko zote ni heksameta, ile ya Aeneid ya Virgil. Asili yake ni Ugiriki, kwa Homer, na aliyeiingiza katika Kilatini ni Ennius, aliyezaliwa mwaka 239 KK huko kusini mwa Italia. Huyu alikuwa akisema ana mioyo mitatu, kwa sababu alizungumza Kigiriki, Kioski na Kilatini. Heksameta ina miguu sita. Minne ya kwanza ni daktili au spondei, kwa hiari ya mtunzi. Wa tano ni daktili karibu kila mara. Wa sita ni wa silabi mbili. Matokeo yake, mshororo mmoja unaweza kuwa na silabi 13, unaoufuata 17, na wa tatu 15. Mpe malenga wetu azihesabu, atakwambia mshororo wa kwanza umepwaya na wa pili umefurika.

Basi mwambie ahesabu kama anavyohesabu neno lenye irabu mbili. "Kaa", yule wa baharini, katika shairi la Kiswahili ni mizani mbili: "ka" na "a". Vivyo hivyo kila silabi ndefu ya Kilatini aipe mizani mbili, na fupi aipe moja. Kila mguu utatoka na mizani nne, uwe daktili au spondei, na mshororo mzima utatoka na 24. Wa silabi 13 una 24. Wa silabi 17 una 24. Silabi ya mwisho kabisa inaweza kuwa fupi kwa maumbile, lakini kimya kinachoifuata kinajaza pengo lake. Virgil hakupwaya wala hakufurika.

Na msaada wetu uko hapo hapo. Aliyepita chuoni Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja akafundishwa tajwidi anaijua madda. Madda ya asili huvutwa harakati mbili; irabu isiyo na madda ni harakati moja. Maalim hana mchezo na jambo hilo, na mtoto anayekata pale pa kuvuta hukatizwa papo hapo na kurudishwa mwanzo wa aya. Moja kwa mbili: ni uwiano ule ule wa Quintilian, na wanaoujua ni watoto vilevile. Tena wapo wanaosoma Kasida ya Burda, ya al-Busiri wa karne ya 13. Hiyo imetungwa kwa bahari ya Kiarabu iitwayo basiti, na arudhi ya Kiarabu, iliyopangwa na Khalil bin Ahmad katika karne ya 8, nayo inapima silabi nyepesi na nzito. Msomaji wa Burda amekwisha kuwa nusu ya msomaji wa Virgil, ila hajaambiwa.

Ajabu ni kwamba malenga wetu wa kale, waliokuwa na Kiarabu hicho ulimini, hawakuuchukua upimaji huo walipotunga kwa lugha yao. Mwengo bin Athumani wa Pate, katika Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, alitumia herufi za Kiarabu na kisa cha vita vya Waislamu na Waroma wa Mashariki, lakini mizani yake aliihesabu, nane nane. Nitarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu limewahi kutokea mahali pengine Afrika, na safari hiyo lililokumbwa ni shairi la Kilatini lenyewe.

Kwanza twende kwenye kitabu cha 8 cha Aeneid. Ikiwa nakala iko karibu, tazama mshororo wa 452. Majitu yenye jicho moja yamo katika karakana ya chini ya ardhi, yanafua silaha za shujaa Aeneas, na katika mshororo huo yanainua mikono kwa nguvu nyingi. Miguu minne ya mwanzo yote ni spondei: taa-taa, taa-taa, taa-taa, taa-taa. Kisha taa-ta-ta, taa-taa. Silabi 13. Na mwanzoni kabisa neno la kwanza linamezwa ncha yake na neno la pili, kiasi kwamba mdomo nao unakazana kama unanyanyua kitu. Sasa ruka hadi mshororo wa 596. Wapanda farasi wanatoka mbio, ardhi inatifuka chini ya kwato: taa-ta-ta, taa-ta-ta, taa-ta-ta, taa-ta-ta, taa-ta-ta, taa-taa. Silabi 17. Muda ni ule ule wa 24, na silabi nne za ziada ni lazima zipite ndani yake.

Wapo wataalamu wanaokunja pua wakisikia mifano hii, wanasema imetumika darasani hadi imechakaa. Mimi sioni aibu kuitumia. Ninachokubaliana nao ni kwamba usianze kuona farasi katika kila daktili na huzuni katika kila spondei. Kilatini ni lugha yenye silabi nzito nyingi, na mara nyingi mtunzi ameweka spondei kwa sababu maneno aliyoyahitaji ndivyo yalivyo.

Maana maneno hayakubali yote. Heksameta haiwezi kubeba fupi tatu zikifuatana, wala fupi moja iliyobanwa kati ya ndefu mbili. Matokeo yake yanachekesha. Neno "Italia" kwa asili linaanza na fupi tatu: i, ta, li. Kwa hiyo Virgil, anayeandika utenzi mkuu wa taifa lake, hawezi kulitaja jina la nchi yenyewe! Alifanyaje? Aliivuta "i" ya kwanza ikawa ndefu. Malenga wetu angesema ni mazida, na asingelaumu. Neno "imperator", cheo cha jemadari mshindi na baadaye cha watawala wa Roma, ni taa, ta, taa, kisha silabi ya mwisho; nalo likabaki nje ya mlango. Ennius aliliingiza kwa kulirefusha: "induperator", taa, ta, ta, taa, halafu mwisho. Mazida tena. Horace naye, katika shairi la safari yake, anafika kwenye mji mdogo na kutwambia kwamba jina lake halisemeki katika mshororo, kisha anapita zake.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Ovid. Mwaka 8 baada ya Kristo aliondolewa Roma kwa amri ya mtawala wake, Augustus, akapelekwa Tomis, kando ya Bahari Nyeusi, mji ambao leo unaitwa Constanța, nchini Romania. Kutoka huko alikuwa akiwaandikia rafiki zake barua za kishairi, kila mmoja kwa jina lake. Rafiki mmoja hakupata barua kwa muda mrefu, na Ovid alipomwandikia hatimaye alimwomba radhi: jina lako haliingii. Rafiki huyo aliitwa Tuticanus. Sikiliza: tuu, ti, kaa. Taa, ta, taa. Fupi moja kati ya ndefu mbili. Ovid anampitisha kwenye njia zote zinazowezekana. Angeweza kulikata jina, nusu liishie mshororo mmoja na nusu lianze mwingine. Angeweza kuifupisha silabi ndefu, au kuivuta ile fupi. Kisha anazikataa zote, kwa sababu watu watamcheka na kusema amepoteza akili. Huyu ni mtu aliyenyang'anywa mji wake, analalamika katika kila barua juu ya baridi na mishale ya maadui, na bado anawaogopa wale wazomeaji wa ukumbini kwa ajili ya silabi moja.

Nimetaja kumeza ncha ya neno. Neno la Kilatini likiisha kwa irabu na linalofuata likianza kwa irabu au "h", ule mwisho humezwa, kwa kawaida, na haumo katika mizani. Hili halitupi shida. "Cha" na "angu" kwetu ni "changu", "wa" na "ote" ni "wote", na hakuna anayejiona amekata kitu. Kinachoshangaza wageni ni kwamba hata neno linaloishia na "m" humezwa, "m" pamoja na irabu iliyo kabla yake. Sababu ni kwamba "m" hiyo ya mwisho ilikuwa dhaifu, ikipita puani zaidi kuliko midomoni.

Mapumziko ni kitu kingine. Shairi letu linakatika katikati, nane kwa nane, na sikio linakaa likingoja kina cha ukwapi. Heksameta inalikwepa hilo makusudi. Pumziko lake kwa kawaida linaanguka ndani ya mguu wa tatu, au wa nne, neno linapoisha kabla mguu haujaisha, ili mshororo usitoke nusu mbili zilizo sawa. Tena usisimame kila mwisho wa mshororo kwa mazoea. Sisi tuna sheria ya utoshelevu, ubeti ujitegemee. Virgil sentensi yake inaweza kuvuka mshororo ikaenda kuishia katikati ya mwingine, na neno lililoachwa peke yake pale mwanzoni ndilo mara nyingi lenye uzito.

Vina havimo. Wale waliopigana vita vya mashairi huru miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na wakongwe wakasema kisicho na vina na mizani si shairi, wangelazimika kumtoa nje na Virgil, Horace na Ovid. Nalisema bila ubaya. Hata mimi sikio langu linakitafuta kina, na inanichukua kurasa kadhaa kuacha kukingoja.

Swali gumu zaidi ni la mkazo. Neno la Kilatini lina mkazo wake: silabi ya pili kutoka mwisho ikiwa nzito, mkazo unakaa hapo, ikiwa nyepesi, unarudi nyuma hadi ya tatu. Kwa hiyo "puella", msichana, tunalipatia bila jasho, pu-EL-la, kwa kuwa Kiswahili hukazia pale pale. Lakini "carmina" ni KAR-mina, na "dominus", bwana, ni DO-minus. Wakatoliki wazee waliosikia "Dominus vobiscum" kabla misa haijawa ya Kiswahili wanalijua hilo. Misale zao zilipigiwa alama za mkazo. Mswahili asiyeambiwa atasema kar-MI-na. Hapo amekosea mara mbili, kwa sababu sisi silabi tunayoikazia tunaivuta pia. "Mi" iliyotakiwa kuwa fupi sasa imekuwa ndefu.

Na mkazo wa neno mara nyingi haukai mahali mguu unapoanzia. Shule nyingi za Ulaya zilitatua tatizo hili kwa kiganja: gonga meza mwanzo wa kila mguu, na maneno yaelekee yanakoelekea. Watoto wakawa wanaimba Virgil huku wakiyavunja maneno yake yote. Friedrich Nietzsche, kabla hajawa mwanafalsafa mashuhuri, alikuwa akifundisha Kigiriki na Kilatini huko Basel, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikwisha kudai kwamba mapigo hayo ya mezani ni yetu sisi wa leo, kwamba watu wa kale walisikia muda tu, mrefu na mfupi. Wataalamu wanaubishania ubishi huo hadi sasa. Ukiniuliza mimi, achana na meza. Weka mkazo wa neno mahali pake, vuta ndefu, pitisha fupi, basi. Katika Virgil mkazo na mwanzo wa mguu hupishana sana mwanzoni mwa mshororo, kisha hukutana katika miguu miwili ya mwisho. Huko kupishana na kukutana ndiko kunakousukuma mshororo mbele, na kiganja kinakuua.

Inasimuliwa kwamba Virgil alimsomea Augustus shairi lake la kilimo, Georgics, kwa siku nne mfululizo, na sauti ilipomwishia, rafiki yao Maecenas alikuwa akimpokea. Horace alipotunga Carmen Saeculare kwa sherehe za mwaka 17 KK, waliouimba walikuwa wavulana 27 na wasichana 27. Tunajua ni wake si kwa vitabu pekee bali pia kwa jiwe la kumbukumbu lililofukuliwa Roma mwaka 1890. Wimbo huo ni wa bahari ya Sapfo, ambayo mishororo yake mitatu ina silabi 11 na wa nne 5, haziongezeki wala hazipungui. Kwa anayeanza akitoka kwetu, naona Horace wa namna hiyo ni rafiki zaidi: hesabu unayoijua ipo, unaongeza tu kupima.

Sasa tuje Afrika, kama nilivyoahidi. Kaskazini mwa bara hili Kilatini kilikuwa lugha ya shule, mahakama na kanisa kwa karne kadhaa. Terentianus Maurus, Mwafrika, aliandika somo zima la silabi na bahari za mashairi, na aliliandika kwa mashairi. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, leo Souk Ahras nchini Algeria, na anakiri kwamba utotoni alilia kwa ajili ya Dido, yule malkia wa Karthago katika Aeneid. Alipokuwa Milano, mwaka 387, alianza kuandika De musica, vitabu sita, na sehemu kubwa yake ni hizi hizi silabi ndefu na fupi. Kwa kifupi, aliujua ushairi wa Kirumi kama kiganja chake.

Lakini alikuwa pia askofu wa Hippo, leo Annaba, na waumini wake walikuwa watu wa kawaida wa pwani ile. Katika kitabu cha 4 cha De doctrina christiana anasema wazi kwamba masikio ya Waafrika hayatofautishi irabu fupi na ndefu. Mfano wake ni neno "os". Likivutwa ni mdomo, likikatwa ni mfupa. Mhubiri akisema mfupa, watu hawajui kama amesema mdomo. Ushauri wa Augustino ni kwamba aseme "ossum", neno ambalo walimu wa sarufi walilidharau, maana afadhali kulaumiwa na hao kuliko kutoeleweka na watu.

Na yeye mwenyewe alikwisha kufanya hivyo katika ushairi. Miaka ya 390, kanisa la Afrika likiwa limegawanyika kati ya Wakatoliki na wafuasi wa Donatus, alitunga wimbo wa kuimbwa na watu wa chini kabisa, ili waujue ugomvi huo kwa moyo. Baadaye alieleza kwamba hakutaka kuutunga kwa bahari yoyote ya zamani, kwa kuogopa kwamba kanuni za bahari zingemlazimisha kutumia maneno ambayo watu hawayajui. Mtu aliyeandika vitabu sita vya kupima akaacha kupima. Akahesabu. Beti zake zinafuata alfabeti, A, B, C, kama zinavyofuata herufi za Kiarabu katika Dura Mandhuma ya kwetu. Kuna kiitikio kati ya ubeti na ubeti. Kila mshororo umekatwa nusu mbili, na ukizihesabu silabi unapata nane kwa nane, 16. Na mishororo yote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, inaishia sauti moja: "e". Mpe mghani yeyote wa Pemba au Lamu wimbo huo, mwonyeshe tu namna ya kutamka "c" na "qu", ataughani bila kusomeshwa kitu kingine.

Huko ndiko Kilatini cha kanisa kilikokwenda katika karne zilizofuata, kwenye mkazo, hesabu na vina. Wazee waliohudhuria misa za wafu za Kilatini wanaukumbuka wimbo wa Dies irae. Katika karibu beti zake zote kila mstari una silabi nane, na mistari mitatu ya ubeti ina kina kimoja. Ni utenzi, msikilizaji, uliokosa kile kipande cha nne tu.